Inkubeta ikisoma 37.8, kaipime kwanza ndo uiamini

Jamani msimu wa korosho uliopita nilipata hela kidogo nikanunua inkubeta (mashine ya kuangulia vifaranga) ya mayai 96, zile zenye kiboksi cha kontrola juu, kile kinachowasha na kuzima joto, nikaiweka chumba cha uani hapa Magomeni, Mtwara mjini. Mzigo wa kwanza vifaranga wakaanza kudonoa siku ya 19. Nikashangilia, nikajua nimepata mashine ya maana. Kumbe nashangilia msiba, kuku ni siku 21, akiwahi hivyo ujue amepikwa. Waliotoka walikuwa wadogo, vitovu havijafunga, wengine wamefia kwenye ganda mdomo upo nje. Nikabaki na 31.

Fundi akaja, hata skrubu hajafungua, "kontrola imekufa hiyo bosi, nunua mpya". Nikanunua. Akaifunga lakini akaacha sensa ileile ya zamani (ule waya wa kupima joto ndani), eti ile mpya waya wake mfupi. Mzigo wa pili yakawa yaleyale.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anafuga kule Mikindani. Nikampigia nalia na kontrola zangu mbili akaniuliza, "Mwanangu, kipimajoto cha homa unacho?" Nikadhani ananitania. Akanielekeza hivi: chukua glasi, changanya maji ya moto na ya baridi mpaka yawe vuguvugu kama ya kumuogeshea mtoto, funga ncha ya sensa na ncha ya kipimajoto pamoja kwa rababendi, zamisha, koroga taratibu (sensa yako kama haina kofia ya chuma ivalishe kwanza kinailoni isiingie maji). Kipimajoto kikilia tu soma vyote viwili hapohapo, maana hivi vya dijitali vinashikilia joto la juu kabisa hata maji yakishaanza kupoa. Kile kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu, na yai linataka hapohapo jirani, nyuzi 37.5 mpaka 37.8 kwa mashine yenye feni. Basi skrini yangu ilisoma 37.8, kipimajoto kinasema 39.1. Miezi miwili nachemsha mayai huku nayaangalia! Kontrola nyingi zina sehemu ya kusahihisha sensa kwenye menyu, nikaongeza 1.3, ugonjwa ukaisha bila kununua kitu.

Sensa ikae usawa wa mayai, isiguse ganda wala isisogelee balbu inayotoa joto. Ikiwa karibu na balbu inashiba joto mapema, kontrola inazima balbu, mayai yako baridi na vifaranga wanatoka siku ya 22 au 23 wamelegea.

Kama joto linapanda halishuki, angalia taa ya kontrola. Ikiwa imezima ila balbu inaendelea kuwaka basi rilei (swichi ndogo ndani ya kontrola) imenata, ile "tik" hutaisikia. Chomoa umeme, badilisha rilei. Ukiipiga kofi itaachia kweli, halafu itanata tena saa nane usiku umelala. Ila kama balbu nayo imezima na bado joto linapanda, usiilaumu kontrola, kazi yake ni kuwasha na kuzima tu, kupoza haijui, na chumba chako cha bati mchana wa Desemba huku kwetu ni tanuri. Hamisha mashine.

Sasa taima. Hii ya kugeuza mayai ilinitokea nikiwa Masasi msibani, umeme ulikatika na taima yangu (saa inayowasha mota ya kugeuza) ni ile ya duara yenye vipini vya kubonyeza kwenye saa unazotaka iwake, umeme ukienda nayo inasimama, nikampigia mdogo wangu airekebishe. Nikamwambia, "weka igeuze kila saa mbili." Narudi siku ya tatu nakuta kipini kimoja tu kimebonyezwa, saa mbili asubuhi. Nikamfokea, akanijibu, "Kaka si ulisema kila saa mbili, nami ikafika saa mbili inageuza!" Nilikosa la kusema. Siku hizi nasema "kila baada ya masaa mawili", na nachora X upande mmoja wa yai na O upande wa pili kwa penseli. Nikipita mara mbili nikakuta X ziko vilevile najua mota imelala, sihitaji kumuuliza mtu. Siku ya 18 nazima kugeuza, halafu naongeza maji, ila kwa sie wa pwani siku za mwanzo nenda taratibu na maji, hewa yetu yenyewe ina unyevu tayari.

Mzigo wa nne uko siku ya 16 sasa, skrini na kipimajoto vinaongea lugha moja. Shida imebaki kwa mama watoto, wiki iliyopita mtoto kapata homa usiku kipimajoto hakionekani, wakakikuta ndani ya inkubeta katikati ya mayai. Asubuhi kaenda duka la dawa kanunua kingine, kaandika kwa maka peni CHA WATU.