Volkano Ilishatulia, Mbona Mimi Bado Nakohoa?

SWALI: Dokta shikamoo. Volkano ilipolipuka karibu na tunapoishi tulikimbia usiku na watoto, tuliporudi tukakuta majivu mpaka vitandani, tukafagia tukaendelea na maisha. Miaka imepita lakini kikohozi hakiishi, halafu lori zito likipita nyumba ikitikisika kidogo tu natoka mbio nje, usingizi nao wa kuvizia. Mume wangu anasema nimezidi kudeka. Je, mapafu yangu ndo yameharibika?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba mama, pole sana, na hudeki hata kidogo.

Tuanze na mapafu. Majivu ya volkano hayatokani na kuungua kama ya kuni, ni mawe na vioo vilivyosagika mpaka vikawa unga, na mara nyingi ndani yake kuna madini yanayoitwa silika, ambayo mtu akiyavuta kwa miaka inaweza kuacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaitwa silikosisi. Lakini huo hauji kwa siku chache za majivu. Mlima St. Helens kule Marekani ulipolipuka 1980, wakata magogo waliofanya kazi kwenye majivu walifuatiliwa miaka 4, na nguvu ya mapafu iliyopungua mwanzoni ilirudi. Kisiwa cha Montserrat kule Karibea ni habari nyingine, manake volkano yao ilianza 1995 ikaendelea miaka na miaka, na chembe laini za majivu yake zilikutwa na silika ya aina ya kristobalaiti asilimia 10 mpaka 24, sasa mtu anayefagia vumbi kama hilo kila siku hatari yake haifanani na ya aliyelivuta wiki moja akaondoka.

Kwahiyo jiulize, baada ya kurudi uliendelea kuvuta vumbi kwa muda gani? Ulifagia makavu, unalima kwenye majivu, mlima bado unatoa gesi? Gesi ya salfa peke yake inatosha kuamsha pumu.

Nenda hospitali na umwambie daktari habari ya majivu wewe mwenyewe, wengi hawaulizi. Kikohozi kikizidi wiki 2 lazima makohozi yapimwe TB, na hili nalisisitiza sana kwasababu mapafu yaliyojaa silika yanashikwa na TB kirahisi zaidi. Omba na eksrei, pamoja na kile kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine. Majivu yakianguka tena, nyunyizia maji kidogo kabla ya kufagia na vaa maski ya N95, ile inayochuja vumbi laini, iliyobana vizuri, kitambaa kinazuia kidogo sana.

Sasa hilo la lori. Mama, hiyo ni hofu iliyobaki mwilini baada ya janga, ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Baada ya St. Helens watafiti waliona kadiri mtu alivyopoteza zaidi, mali au ndugu, ndivyo sonona na wasiwasi vilivyompata zaidi, na Iceland baada ya mlipuko wa 2010 walioishi karibu walikuwa na kikohozi na msongo wa mawazo zaidi kuliko wa mbali. Mumeo naye alikimbia usiku uleule, nendeni wote wawili kwa mtaalamu wa afya ya akili, yeye inawezekana anayaficha tu.

SWALI: Sisi tunakinga maji ya mvua na majivu yanaingia kwenye tenki. Mtoto wangu meno yanaota na madoa ya kahawia, ni majivu?

JIBU: Inawezekana kabisa. Majivu na gesi za volkano hubeba floraidi, kemikali inayoyeyuka kwenye maji, ikizidi kwenye maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi, yanatoka na madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaharibu mpaka mifupa. Peleka maji yakapimwe. Wakati unasubiri tafuta maji ya chanzo kingine kwa ajili ya watoto, mlima ukianza kumwaga majivu funika tenki na chomoa bomba linaloleta maji ya paa. Usitegemee kuchemsha, floraidi haitoki, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea.