Je, kila kirusi kina 5, 5 na 50?

SWALI

Dada wa Maabara, habari za baridi huko? Nafundisha biolojia kidato cha sita. Tulipofika kwenye tiba ya jeni niliandika ubaoni kwamba ganda la virusi vya AAV, vinavyotumika kubeba jeni ya tiba hadi kwenye seli, limejengwa kwa vipande 60 vya protini za aina tatu, VP1, VP2 na VP3, kwa uwiano wa 1:1:10. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akapiga hesabu papo hapo: "Basi kila kirusi kina 5, 5 na 50." Darasa likamshangilia, mimi nikasita. Yuko sahihi? Na nyinyi mnaokagua dawa hizo, mkishauona uwiano huo mnaridhika?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, baridi tumeshaizoea, ni soksi mbili mbili tu. Huyo kijana mpe alama za hesabu. Za biolojia mshikie kwanza.

Protini hizo ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinatoka kwenye jeni iitwayo cap na mkia wao ni ule ule. Zinatofautiana urefu upande wa kichwani. Kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini, VP1 ina kama 87, VP2 kama 72, VP3 kama 62. Sasa, VP2 huanza kusomwa kwenye herufi za ACG badala ya AUG, ambayo ndiyo alama ya kawaida ya kuanzia, kwa hiyo ribosomu nyingi, yaani mashine za seli za kutengeneza protini, huipita kama daladala inavyokipita kituo kisicho na abiria, zikaenda kusimama kwenye AUG ya VP3. Ndiyo maana VP3 hujaa kwenye seli. Ganda nalo likijijenga halihesabu, linaokota kilicho karibu. Mwaka 2021 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwa kupima uzito wa maganda kwamba ujenzi huo ni wa kubahatisha, na hata mchanganyiko unaotokea mara nyingi zaidi ni sehemu ndogo tu ya maganda yote. Hiyo 1:1:10 ni wastani.

Wastani huo tunaulinda kwa sababu ya VP1. Kirusi kikiingia kwenye seli hujikuta kimefungiwa ndani ya kifuko, na kimeng'enya cha kukitoboa kiko kwenye kichwa cha VP1. VP1 ikipungua, dawa inafika mlangoni na kukwama hapo hapo.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unachemsha sampuli na SDS, ambayo ni sabuni, pamoja na mekaptoethanoli inayonuka kama yai viza, unaipitisha kwenye jeli kwa umeme, kisha unaipaka rangi ya fedha. Mistari inajitokeza polepole, ya kahawia: miwili myembamba juu, mmoja mnene chini.

Wiki yangu ya tatu kazini niliona ukungu karibu kabisa na mstari wa VP3. Moyo ukanidunda: bechi imeingiliwa na protini ngeni! Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti msimamizi wangu, mama asiye na maneno mengi, alipoweka kidole kwenye njia ya jeli ambayo haikuwa na sampuli, ila bafa tupu, yaani kimiminika cha kuchanganyia sampuli. Ukungu ule ule. Ilikuwa keratini, protini ya ngozi, na uzito wake unaangukia jirani na VP3. Ngozi yenyewe ilikuwa yangu, maana ile bafa niliifungua bila glavu. Tangu siku hiyo njia tupu ndiyo ninayoitazama kwanza.

Swali lako la pili: hapana, haturidhiki. Ganda lisilobeba jeni yoyote linatoa mistari mitatu ile ile. Kwa hiyo tunapima pia jinsi sampuli inavyofyonza mwanga, nanomita 260 kwa ajili ya DNA na 280 kwa ajili ya protini, na kwenye sentrifuji ya kasi kubwa maganda yaliyojaa huzama upesi kuliko matupu. Chukua Zolgensma, dawa inayobebwa na AAV, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 2 wenye SMA, ugonjwa unaolegeza misuli. Dozi yake huhesabiwa kwa maganda yenye jeni: trilioni 110 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 5 anapata trilioni 550. Dawa ya dozi kama hiyo ikiwa nusu ya maganda yake ni matupu, anabebeshwa trilioni nyingine 550 zisizo na faida, na kinga ya mwili hulishambulia ganda bila kuuliza limebeba nini.

Kwa darasa lako, tafuta maharage ya rangi tatu yanayolingana ukubwa. Changanya kwenye ndoo kikombe 1, kikombe 1 na vikombe 10, kisha kila mwanafunzi achote punje 60 bila kutazama na ahesabu rangi. Nafasi ya mtu kupata 5, 5 na 50 kamili ni kama 3 kwa 100. Yule kijana wa nyuma achote wa kwanza, halafu niandikie amepata ngapi.