Umewekewa chuma cha paja? Shughulika na goti

Mtu akisikia una chuma pajani huuliza mawili: kitatolewa lini, na hakitashika kutu? Mimi ninacho changu tangu ajali ya bodaboda, na nawajibu hivi. Kutu hapana, ni chuma cha pua. Kutolewa, kwa mtu mzima mara nyingi hakuna haja, labda kikimsumbua. Swali lenye maana ni hili: goti linakunjika na kunyooka?

Chuma chenyewe ni fimbo inayopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja uliovunjika, kisha hukazwa kwa skrubu juu na chini ili mfupa usijipinde, usizunguke wala kufupika. Daktari Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kuwatibu watu kwa fimbo ya ndani ya mfupa mwaka 1939. Siku hizi kuna aina ya SIGN, shirika la Marekani, inayotumika hata MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Hiyo haihitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, kwa sababu kuna kifaa cha nje kinachomwelekeza daktari tundu la skrubu lilipo. Bila upasuaji, ni kulala kitandani wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito.

Kwa fundi wa mifupa wa kienyeji usimpeleke aliyevunjika paja. Damu lita nzima na zaidi inaweza kumwagikia ndani ya nyama, nje usione hata tone. Na kama mfupa umetoboa ngozi, dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa saa zile zile za mwanzo.

Sasa goti. Ndugu watakuwekea mto chini yake kwa huruma. Dada yangu aliniwekea, mtaalamu wa mazoezi akauhamishia chini ya kisigino, akasema goti likizoea kukaa limekunjwa halitanyooka tena. Kaza msuli wa paja ukisukuma goti kuelekea godoro, hesabu hadi tano, legeza, rudia. Buruta kisigino kuelekea makalio. Keti ukingoni mwa kitanda, mguu uning'inie. Inauma, sikufichi, omba dawa ya maumivu kabla ya zoezi, si baada yake. Lini ukanyagie mguu, muulize aliyekupasua, maana mfupa uliosagika si sawa na uliokatika mahali pamoja tu. Na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuteni kiti chenye tundu kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani.

Supu ya kongoro kunywa, ni tamu, ila usiache maharage, mayai na dagaa. Sigara acha, inachelewesha mfupa kuunga. Kidonda kikitoa usaha, shavu la mguu likivimba au pumzi ikibana ghafla, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka wodini omba picha zako za eksirei na karatasi inayoonyesha aina, urefu na unene wa chuma. Siku kikihitajika kutolewa, daktari mwingine atajua aandae vifaa gani.