Mbio fupi za mchezaji wa kriketi: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali, nalo ni mazoezi ya vipindi: kufanya kazi kwa nguvu zote kwa sekunde chache, kupumzika, kisha kurudia. Wengi wameyaona yakifanywa na wanariadha wa michezo mingine na wanataka kujua yanavyomfaa mchezaji wa kriketi.

Kocha wetu hutuzungusha uwanja mara kumi kila jioni. Mimi ni mpigaji. Je, mbio hizo zinanisaidia nikiwa kwenye krizi? (Mwanafunzi, Jinja)

Zinasaidia kidogo. Umbali kati ya mistari miwili ya krizi, yaani mistari wanaposimama wapigaji wawili wakielekeana, ni mita 17.68, na mpigaji anayetafuta mikimbio miwili, yaani alama mbili, hukimbia umbali huo, huinama akanyoosha gongo hadi ng'ambo ya mstari, hufunga breki, hugeuka na kuanza upya karibu kutoka kusimama. Kule kusimama na kugeuka ndiko kunakochosha mapaja, na mzunguko wa uwanja haukufundishi hata kidogo.

Vaa pedi, shika gongo, ukimbie urefu huo mara tatu mfululizo kwa kasi yako yote, kana kwamba mpira unarudishwa kwa mlinda wiketi, yule anayedaka mipira nyuma ya vijiti vya mpigaji. Itakuchukua yapata sekunde 10. Tembea kwa sekunde 40 kisha urudie, hadi utimize mara sita. Pumzika dakika tatu kamili na ufanye duru ya pili. Geuka mara kwa mguu wa kulia, mara kwa wa kushoto, kwa sababu katika mechi hutachagua upande ambao mpira umekwenda. Mwenzako akiwa na saa, apime kila kipindi. Muda ukianza kurefuka waziwazi, acha hapo hata kama hesabu haijatimia, maana kuanzia hapo unajizoeza kukimbia polepole.

Wengi hudharau mapumziko haya na kuyafupisha ili waonekane wamejituma. Nguvu ya mbio za sekunde chache hutoka kwa kiasi kikubwa katika akiba ya fosfokreatini, kemikali ya nguvu za haraka iliyomo ndani ya misuli. Akiba hiyo hupungua upesi na huhitaji dakika kadhaa ili irudi karibu yote, na oksijeni ndiyo inayoirudisha. Kwa sababu hiyo sikushauri uache kabisa mbio ndefu za kocha wako: mwenye pumzi nzuri hujaza akiba yake haraka zaidi kati ya mpira mmoja na mwingine. Mara moja kwa wiki zinatosha.

Nimeona video inayosema dakika nne za Tabata kwa siku zinatosha. Ni kweli? (Mchezaji wa klabu, Kampala)

Zoezi hilo lina jina la mtafiti, Izumi Tabata, ambaye pamoja na wenzake alichapisha utafiti wao mwaka 1996. Vijana waliopimwa waliendesha baiskeli ya maabara kwa sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, na kurudia hivyo mara saba au nane hadi wakaishiwa nguvu kabisa. Walifanya hivyo siku nne kwa wiki kwa muda wa wiki sita, na siku ya tano waliendesha kwa mwendo wa wastani kwa nusu saa kabla ya vipindi vichache vya kasi. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka, na ule wa kufanya kazi bila kuitegemea pia. Video nyingi hutaja muda na kusahau ukali: ukimaliza dakika hizo nne na bado unaweza kupiga gumzo, hukufanya zoezi lile.

Kwa kriketi nina shaka nyingine. Mapumziko ya sekunde 10 ni mafupi mno, hivyo kasi huporomoka baada ya vipindi vichache, ilhali mchezo wetu unadai mbio chache kali zenye nafasi katikati. Lifanye mara moja kwa wiki kwenye baiskeli, mbali na msimu wa mechi, ukilipenda.

Nina miaka 17 na ninarusha mpira wa kasi. Naweza kuongeza mazoezi haya siku ngapi? (Mwanafunzi, Mbarara)

Anza kwa kuhesabu ulichonacho tayari. Kukimbilia mstari, kurusha, kurudi ukitembea, mara sita kwa kila ova: hayo yenyewe ni mazoezi ya vipindi, na ni makali. Katika mechi ya T20, yenye ova 20 kwa kila timu, mrushaji haruhusiwi kuzidi ova nne, yaani mipira halali 24, lakini nimeona vijana wakirusha 60 na zaidi mazoezini bila mtu yeyote kuandika hesabu. Kila mguu wa mbele unapotua, mwili hupokea mshindo wa mara kadhaa ya uzito wake, huku mgongo ukipinda na kuzunguka kwa pamoja. Mifupa ya umri wako haijakomaa, na ufa katika uti wa chini wa mgongo ni jeraha linalojulikana sana miongoni mwa warushaji vijana wa kasi.

Kwa hiyo, weka vipindi siku mbili tu kwa wiki, siku zilezile unazorusha na baada ya kurusha, ili siku za mapumziko zibaki za mapumziko kweli. Kimbia ukipanda kilima, kwa sekunde 8 hadi 10, kisha ushuke kwa kutembea. Mlima huufanya moyo ufanye kazi kubwa huku mshindo wa kutua ukipungua, na Mbarara haina uhaba wa milima. Ukisikia maumivu ya mgongo chini, hasa upande usio wa mkono unaorushia, na yakazidi unapojipinda nyuma, acha kurusha siku hiyohiyo na umwone daktari. Mweleze kwamba wewe ni mrushaji, kwa kuwa eksirei ya kawaida inaweza isiuonyeshe ufa huo mapema.

Mlinda wiketi afanye nini? (Entebbe)

Ova 20 ni kuchuchumaa na kuinuka angalau mara 120. Chuchumaa, inuka, ruka hatua mbili upande, daka mpira uliorushwa na mwenzako. Fanya hivyo kwa sekunde 30, pumzika 30, mara nane. Mbio za kwenda kwenye wiketi kupokea mpira ziongeze mwishoni.

Nina miaka 41 na ninarusha mipira ya kuzunguka. Je, nimechelewa? (Soroti)

Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, Uganda ilipoishinda Papua New Guinea kwa wiketi tatu katika Kombe la Dunia la T20, Frank Nsubuga alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili, akiwa na miaka 43. Hujachelewa, ila usianze kama kijana. Pima shinikizo la damu kwanza. Wiki tatu za mwanzo, kimbia mita 40 mara nne kwa robo tatu ya kasi yako, na utembee dakika mbili kati ya mbio hizo. Misuli ya nyuma ya paja na kano ya kisigino ndizo huumia kwa watu wa umri wetu, na huumia hasa katika hatua za kwanza za kasi. Saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo usiitegemee hapa, kwa sababu mbio za sekunde chache huisha kabla moyo haujafikia kilele chake.

Wakati wa Ramadhani niendelee? (Mbale)

Endelea, lakini hamisha vipindi vikali hadi yapite masaa mawili hivi baada ya futari, ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Mchana bakiza kudaka na kurusha kwa wepesi, karibu na magharibi. Punguza duru kwa nusu, na ukihisi kizunguzungu, keti kivulini na usimamishe zoezi la siku hiyo.