Uliza Fundi: Mtandao upo, intaneti haipo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinaita "mtandao" vitu viwili tofauti. Mtandao ni vifaa vyako kuongea vyenyewe kwa vyenyewe. Intaneti ni njia ya kutokea nje. Kimoja kinaweza kufa huku kingine kizima, na fundi asiyevitenganisha atakuuzia kifaa usichohitaji.

Nina steshenari Mwanjelwa, kompyuta 4 na printa moja. Kazi tunahamisha kwa flashi na virusi vimetuchosha. Nimeambiwa lazima nilipie bando la mwezi ndipo kompyuta ziunganishwe. Ni kweli? (Dada wa steshenari, Mbeya)

Si kweli, dada. Kompyuta kuongea na jirani yake mezani hakuli hata shilingi ya bando. Nunua swichi ya mtandao, kile kiboksi cha kuunganisha nyaya, ya matundu 8: kompyuta 4, printa 1, matundu 3 ya akiba. Swichi hukariri namba ya kiwandani ya kila kifaa na tundu kilichochomekwa, kisha hupeleka faili kwa mwenyewe tu.

Waya chukua Cat5e ya shaba tupu. Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba ni rahisi, lakini hukatika ukiikunja mara chache. Rangi kwenye plagi, ukiitazama kutoka upande wa vyuma, kijimkono (kile kiplastiki cha kuishikilia tunduni) kikiwa chini, zipange hivi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawasawa. Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapoharibu: wanapanga jozi kwa jozi, kijani na kijani, bluu na bluu, kwa kuwa inapendeza machoni. Kipimio kitawasha taa zote 8 na fundi ataondoka na hela yake. Lakini data husafiri kwenye pini 1 na 2, kisha 3 na 6, na kila mbili hizo lazima ziwe nyaya zilizosokotwa pamoja ili zifute kelele za umeme. Ukizitenganisha, waya mfupi utafanya kazi na mrefu utasuasua bila kukuambia kwa nini. Msokoto nao usiufumue zaidi ya milimita 13.

Bado anwani, yaani namba ya kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kwa kuwa huna ruta, yaani kifaa cha kukutoa kwenye intaneti, hakuna wa kuzigawa, na Windows ikikosa mgawaji hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, ambayo huwezi kuitegemea kwa printa. Ziandike kwa mkono: kompyuta 192.168.1.11 hadi 192.168.1.14, printa 192.168.1.50, barakoa (subnet mask) 255.255.255.0 kote, na sehemu ya lango la kutokea (default gateway) iache wazi. Usihofu kwamba duka la jirani lina namba hizo hizo. Zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazitoki nje.

Kuna mtego mmoja. Mtandao usio na lango, Windows huuona ni wa hadhara na hufunga kushirikiana faili na printa. Nenda kwenye mipangilio ya kushirikiana, uruhusu faili na printa kwa mtandao wa hadhara. Kama printa yako ina tundu la USB tu, ichomeke kwenye kompyuta moja na uishirikishe kutoka hapo. Kompyuta hiyo ikizimwa, wote wamekosa. Na virusi navyo hupita kwenye waya, kwa hiyo flashi za wateja zifunguliwe kwenye mashine moja tu yenye kinga.

Shuleni kwetu tuna kompyuta 20. Baada ya usafi wa Jumamosi zote zimekosa mawasiliano, na taa za swichi zinapepesa kwa kasi, zote kwa pamoja. Kabla ya hapo, kompyuta 6 zilikuwa zikipata anwani za 192.168.0 wakati nyingine ni 192.168.1. (Mwalimu, Makambako)

Mwalimu, aliyefagia aliona ncha ya waya inaning'inia akaichomeka kwenye tundu lililo wazi. Sasa waya mmoja umeingia swichi hiyo hiyo kwa ncha zote mbili. Kompyuta ikitoa tangazo kwa wote, swichi hulirudisha kwake yenyewe, likazunguka, likazaa mengine. Tangazo la namna hiyo halina hesabu ya kulimaliza, kwa hiyo ndani ya sekunde chache swichi imejaa. Chomoa waya mmoja mmoja huku ukitazama taa. Zikitulia, umempata. Swichi za bei ya juu zina kinga ya mzunguko huu. Za kawaida hazina.

Zile kompyuta 6 ni kesi nyingine: kuna ruta ya pili, pengine mtu aliileta kuongeza Wi-Fi, nayo inagawa anwani zake. Ingia kwenye hiyo ya pili, zima ugawaji wa anwani, ipe 192.168.1.2 baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kingine chenye namba hiyo, kisha waya uingie tundu lake la kawaida, si lile la pembeni la intaneti.

Mimi ni mstaafu. Ruta iko nyumbani na duka liko mita 60. Nimevuta waya juu ya migomba. Radi imeunguza swichi mara mbili. Nitumie waya mnene zaidi? (Tukuyu)

Shikamoo mzee. Unene hautasaidia. Mita 60 ziko ndani ya kikomo, maana waya wa shaba hufika mita 100, lakini shaba kati ya majengo mawili, kila moja na waya wake wa ardhi (earth), ni daraja la umeme. Radi si lazima ikupige. Ikianguka jirani tu, waya mrefu huzalisha volti za kutosha kuua tundu. Kwa mvua ya Rungwe, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, utaendelea kununua swichi.

Tumia faiba, yaani kioo, ambacho hakipitishi umeme. Nunua waya wa nje usio na chuma ndani, wenye ncha zilizokwisha kufungwa kiwandani, maana kuunga kioo kunahitaji mashine. Pata na vigeuzi viwili, vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, kimoja kila upande. Vile vya uzi mmoja huuzwa kwa jozi, A na B: mmoja hutuma kwa nanomita 1310 na kupokea 1550, mwenzake kinyume chake. Ukiuziwa A mbili, taa ya kiungo haitawaka kamwe, na utadhani waya umekatika. Mikunjo isiwe midogo kuliko mdomo wa kikombe, na usichungulie ncha. Mwanga wake hauonekani ila unaweza kuumiza jicho. Radi ya kupitia nguzo za umeme bado ipo, kwa hiyo ikianza kunguruma chomoa vigeuzi ukutani.

Nalipia Mbps 10 lakini kompyuta inaonyesha inapakua kwa MB 1.2 tu kwa sekunde. Naibiwa? (Iringa)

Huibiwi. Kampuni inahesabu biti (Mbps), kompyuta inahesabu baiti (MB), na baiti moja ni biti 8. Gawanya 10 kwa 8 upate 1.25. Unapata karibu yote.

Wi-Fi imejaa mistari yote lakini kurasa hazifunguki. (Mafinga)

Mistari inapima nguvu ya mawimbi kati yako na ruta, basi. Kaka, fungua kidirisha cheusi cha amri, andika ipconfig, soma namba ya lango. Tuseme ni 192.168.1.1. Andika ping 192.168.1.1, yaani kukiita kifaa uone kama kitajibu. Isipojibu, shida iko kati yako na ruta. Ikijibu, jaribu ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Hapo pakinyamaza, ruta haina njia ya nje: bando limekwisha au laini imekatika. Pakijibu, jaribu ping kwa jina la tovuti yoyote. Namba ikikubali na jina likakataa, kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba (DNS); kwenye mipangilio ya DNS weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Vyote vikijibu na kurasa bado zinalalamika kuhusu usalama, tazama tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na tovuti huonekana kama zina vyeti ambavyo muda wake haujaanza. Badilisha betri, rekebisha tarehe, uwashe upya.