Wikendi ya bendi yetu Lamu, na sababu ya kufanya mazoezi bila spika

Ndugu uliyeuliza kutoka Malindi, umesema kwamba bendi yenu ina vijana watano, kila Jumamosi mna kazi ya harusi, Jumapili mmechoka, na katikati ya wiki kila mmoja yuko kwenye shughuli zake. Umetaka kujua mazoezi yaingie siku gani, na kama fedha mlizochanga zinunue spika kubwa zaidi. Kwa maoni yangu mazoezi yawe Ijumaa, na spika msinunue kwanza. Nitakueleza wikendi moja iliyotupata sisi hapa Lamu, kwani ndiyo iliyonifanya niamini hivyo.

Bendi yetu ni ya taarab. Mimi hupiga udi, ile ala ya nyuzi. Wenzangu ni mpiga dumbak, ngoma ndogo ya mkono, mpiga rika, yaani tari, mwimbaji, na mpiga kinanda ambaye hufanya kazi duka la vifaa vya ujenzi huko Mokowe na huvuka kwa boti kuja kisiwani. Kwa ajili yake, na kwa kuwa adhuhuri ya Ijumaa watu wako msikitini, mazoezi yetu huanza baada ya swala ya alasiri.

Wakati ule tulikuwa tukifanyia mazoezi katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe, ya mjomba wake mpiga rika. Aliyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu anajua vyumba vyake vilivyo: ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, hivyo upana wa chumba kwa kawaida haufiki mita 3. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Ukiwasha amplifaya humo ndani, sauti nzito hugonga ukuta huu na kurudi kwa ule hadi usijue dumbak imepigwa mara moja au mara mbili. Nilipokosa kuusikia udi wangu niliongeza sauti. Mpiga kinanda naye akaongeza, na mwimbaji, ambaye kwa tabia ni mpole, akaanza kupiga kelele. Tulitoka pale Ijumaa hiyo masikio yakivuma, tukajipongeza kwamba bendi imekolea.

Jumamosi tulikuwa na harusi mtaa wa Langoni. Spika zilikwenda kwa mkokoteni, nasi tukafuata nyuma kwa miguu tukiwapisha punda vichochoroni, udi nikiwa nimeubeba mwenyewe kwa kuwa simwamini mtu nao. Tulianza baada ya isha. Tukapiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeinuka kuja kumtuza mwimbaji. Wewe ni mtu wa pwani, huna haja ya kuelezwa maana ya ukimya wa namna hiyo katika taarab. Mwishowe shangazi wa bibi harusi alisogea hadi tulipoketi, akatuuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Wanangu, yeo mwamsifu nani? Ngoma twaisikia, maneno hatuyasikii." Nikamjibu, kwa heshima lakini kwa ujinga, kwamba spika zetu ni ndogo.

Haikupita nusu saa, umeme ukakatika mtaa mzima. Jenereta hatukuwa nayo. Kinanda kikanyamaza na taa zikazimika, zikaletwa kandili na simu zikamulika. Mpiga dumbak, bila kungoja amri ya mtu, akaendelea kupiga taratibu kwa ncha za vidole. Nikaingia na udi mtupu, usio na waya wowote, mwimbaji akaanza ubeti upya, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe pamoja nikasikia nilichokuwa nikimfanyia. Kila alipofungua kinywa mimi nilikuwa ndani ya sauti yake, nikijaza kila nafasi kwa madoido. Nikapunguza mkono. Ubeti wa pili una jina la bibi harusi. Alipolitaja, wanawake watatu waliinuka pamoja, wa kwanza akiwa shangazi yuleyule. Umeme uliporudi karibu na saa sita, waliokuwa mbele walituomba tusiwashe spika.

Kasoro ilikuwa kwangu, na ni kasoro ya kiufundi inayorekebishika. Nyimbo zetu nyingi zimetungwa kwa bahari ya shairi: kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Mwimbaji hupumua baina ya vipande hivyo na mwishoni mwa mshororo. Pumzi hizo ndizo nafasi za udi kujibu, na maneno yanapopita udi unatosha kushika sauti moja ya chini au kumfuata mwimbaji kwa mbali. Mimi nilikuwa nimejifunza kupiga peke yangu chumbani, ambako hakuna wa kujibiwa, basi nikazoea kusema muda wote.

Jumapili yake hatukugusa ala. Tulikwenda Shela kwa miguu, tukaketi ufukweni na mihogo ya kukaanga, tukasikiliza kwenye simu rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyejulikana kwa udi wake tangu alipohamia Mombasa. Tulikuwa tunazijua kwa miaka, ila siku hiyo tulizisikiliza kwa kazi moja tu, kuhesabu mahali anaponyamaza. Mpiga kinanda alinuna kidogo. Alidhani tunataka kumtoa kwenye bendi, na sikumlaumu, kwa kuwa harusi ilinoga yeye akiwa amekaa bure.

Kwa hakika kinanda kina tatizo lake, nalo ni bora mlizungumze mapema kabla halijawa ugomvi. Udi hauna vizuizi vya vidole shingoni, kwa hiyo katika bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, naweza kuiweka sauti ya pili pale inapotakiwa, katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo. Tukipiga bayati pamoja mmoja wetu husikika amekosea, na wasikilizaji huwa hawajui ni nani. Tulikubaliana kwamba nyimbo za maqamu ya hijazi na nahawandi kinanda kinaingia kikamilifu, na za bayati kinashika sauti ya msingi ya wimbo tu au kinapumzika, hadi atakapopata kinanda kinachoweza kushusha sauti moja moja kwa nusu ya kibonye.

Tangu hapo mazoezi ya Ijumaa tunayafanya nje, kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ileile, bila waya hata mmoja. Saa ya kwanza ni mwimbaji na dumbak peke yao, nasi wengine tunasikiliza. Ikiwa sisi tulio hatua chache tu hatukulisikia neno, analirudia. Kinanda tunakitafutia betri, nacho hakiruhusiwi kuzidi sauti ya udi. Wapita njia husimama, watoto hukaa hadi magharibi, na mara mbili tumepata kazi ya harusi kutoka kwa watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni. Jumamosi ni ya kazi. Jumapili ni ya kuwasikiliza wengine, na ikitokea bendi nyingine inapiga mahali basi tunakwenda wote watano, hata kama tumechoka.

Fedha zetu za spika tulizigawa. Tulinunua kipaza sauti kimoja kizuri cha mwimbaji na seti mbili za nyuzi za udi, kwa kuwa chumvi ya baharini huzila zile zilizozungushiwa waya upesi. Zilizobaki zinangoja ngozi mpya ya dumbak, maana ya sasa hulegea kila kusi ikituletea unyevu, na tumechoka kuiotesha moto kila baada ya wimbo. Mkivuka kuja huku Ijumaa yoyote, njooni na dumbak yenu.