Re: Doral ilikuwaje ikawa sigara ya bei poa?

Mkuu, umeuliza kama Doral ilianza ikiwa sigara ya bei nafuu. Hapana. Kampuni ya Marekani ya R.J. Reynolds waliitoa 1969 kwa bei ya kawaida, na kwenye matangazo pakiti yenyewe ilikuwa ikimbembeleza mvutaji aionje (ndiyo, pakiti inaongea!). Haikufika mbali.

Kampuni nyingine ya sigara, Liggett, ndio waliochokoza mambo 1980 kwa sigara zisizo na jina: pakiti nyeupe, maandishi meusi, basi. Januari 1983 ushuru wa serikali kuu ya Marekani ukapanda kutoka senti 8 hadi 16 kwa pakiti, na wavutaji wakaanza kubana matumizi. Reynolds wakaikumbuka Doral yao iliyododa, na 1984 wakairudisha sokoni kwa bei ya chini. Kwangu mimi ujanja uko hapo: mtu analipa kidogo, lakini mfukoni ana pakiti yenye jina na rangi, hakuna wa kumcheka.

Sigara za aina hiyo ziliila Marlboro wateja mpaka tarehe 2 Aprili 1993, Philip Morris, kampuni yenye Marlboro, walipotangaza kuishusha bei kwa senti 40 kwa pakiti. Hisa zao ziliporomoka zaidi ya asilimia 20 siku hiyohiyo.